Maswali na majibu: kufundisha uhandisi wa meli kwa vitendo

Wanafunzi wangu wamekariri fomula za uthabiti wa chombo, lakini ukiwauliza kwa nini chombo hupinduka, kimya. Chuo hakina meli. Nifanyeje?

Boti ya faiba iliyofungwa gatini inatosha. Ipime kwanza kwa kreni. Tuseme ni kilo 2,000 pamoja na vyote vilivyomo. Tundika timazi yenye uzi wa mita 1.5, na bildi yake (kipande kizito cha mwisho wa uzi) izame kwenye ndoo ya maji isiwe inayumbayumba. Chukua jiwe la kilo 20 lililokuwamo tayari, lisogeze mita 1 kuelekea ubavuni. Timazi ikihama milimita 30, kimo cha metasenta (kipimo cha nguvu ya chombo kujirudisha wima kikiinama) ni (20 × 1 × 1.5) ÷ (2,000 × 0.03), yaani mita 0.5.

Jibu likiyumba, sababu huwa zilezile: kamba za gatini zimekaza, upepo unasukuma ubavu, au mtu amehama alipokuwa amekaa. Kisha rudia zoezi ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ikiwa na maji. Boti italala zaidi kwa jiwe lilelile, maana maji yanakimbilia upande ulioinama. Usiwaambie mapema, waache wabishane wao kwanza. Hapo ndipo somo linapoingia.

Simyuleta inaweza kuchukua nafasi ya mazoezi ya melini?

Haiwezi. Kwa mwanafunzi aliye kwenye programu iliyoidhinishwa, Mkataba wa STCW (wa kimataifa kuhusu mafunzo na vyeti vya mabaharia), kanuni ya III/1, unataka angalau miezi 12 ya karakana na melini kwa jumla, ambayo 6 kati yake ni ya zamu chumba cha injini chini ya usimamizi. Simyuleta itumieni kwa yale ambayo ni hatari kuyajaribu melini, kama umeme kukatika wote.

Mtaala wetu unataja anodi (vipande vya metali vinavyoliwa na kutu badala ya chombo) za zinki tu, nasi tuko Ziwa Victoria.

Urekebisheni. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, zinki hujifunika utando na kuacha kufanya kazi, tumieni magnesiamu. Na anodi haipakwi rangi kamwe.

Mtihani wa vitendo uweje?

Mpe mwanafunzi pampu isiyotoa maji, geji ya upande wa kuvutia, na dakika 30. Geji ikionyesha mvuto mkubwa, chujio limeziba au vali imefungwa. Ikikaa karibu na sifuri, pampu inavuta hewa au haikujazwa maji kabla ya kuwashwa. Alama nyingi zaidi ziende kwenye mpangilio wa ukaguzi wake: anayefungua pampu kabla ya kusoma geji apunguziwe, hata kama mwishowe maji yatatoka.