Mto Cowichan: Kwanza Jua Utatokea Wapi

Watu wetu walioko Vancouver na Victoria wakinipigia simu kuhusu Mto Cowichan, huwauliza kwanza: mtatokea wapi? Kuingia ni rahisi, maji yanakuchukua yenyewe.

Mto huu wa Kisiwa cha Vancouver, Kanada, una kilomita 47 tu, kutoka Ziwa Cowichan hadi baharini karibu na Duncan. Anayeanza kupiga kasia, au anayetaka kuelea tu juu ya tyubu, aingie pale mto unapotoka ziwani, atoke Little Beach. Asipitilize. Chini zaidi kuna maporomoko ya Skutz, na pale si pa kujifunzia.

Mimi nimekulia Pangani, nimezoea mto mpana wenye kina. Nilipoona maji ya magotini nikaingia na ndala. Hatukufika mbali, mtumbwi ukagonga jiwe, nikaruka nisimame. Mguu ukanasa katikati ya mawe huku mkondo ukinisukuma mgongoni. Mwenzangu ndiye aliyenichomoa. Tangu siku ile nasisitiza: vaa viatu vya kufunga, vaa jaketi okozi hata kama unajua kuogelea, na ukianguka penye mkondo usisimame. Lala chali, miguu itangulie, mpaka maji yatulie.

Kiangazi maji hupungua sana, utaburuta mtumbwi mahali pengine. Samaki nao huumia maji yakipungua na kupata joto, kwa hiyo usikanyagekanyage vidimbwi vyenye kivuli walimojificha.

Samaki aitwaye samoni hupanda mto kutoka baharini wakati wa vuli. Nenda Skutz mwezi wa kumi usimame juu ya miamba. Nilimwona mmoja amepumzika nyuma ya jiwe, mkia umechakaa hadi mweupe, mdomo ukifunguka taratibu. Akajirusha, akaanguka, akarudi palepale nyuma ya jiwe. Mara ya nne akapita. Samoni hawa wakishataga hufa, safari ni hiyo moja.

Ukitaka kuvua, kata leseni ya maji baridi na usome kanuni asubuhi ya siku hiyohiyo, kwa sababu uvuvi wa samoni hufunguliwa na kufungwa kwa matangazo. Ndoana iwe moja, isiyo na kijino. Sehemu ya juu ya mto, chambo ni nzi bandia tu. Na ukiwakuta watu wa Quw'utsun, wenyeji wa asili wa hapa, mtoni, wasalimie kwa heshima: mto ni wao tangu mababu, na jina Cowichan limetokana na lao.