Seli za kinga zinapoisaidia saratani

Ndugu, umeuliza inakuwaje saratani ikue na kusambaa ilhali mwili una seli za kinga. Jibu linasikitisha: baadhi ya seli hizo hizo ndizo zinazoisaidia.

Chukua makrofaji, aina mojawapo ya seli za kinga. Kazi yake ya kawaida ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa, kisha kusaidia jeraha lipone. Uvimbe wa saratani hutoa kemikali zinazoziita makrofaji na kuzifanya zifanye kazi kana kwamba ziko kwenye kidonda kisichofunga. Basi zinaanza ukarabati, zinachochea mishipa mipya ya damu ichipue, na uvimbe unapata chakula na oksijeni. Kwa panya wa maabara wenye saratani ya matiti, watafiti wameona seli ya saratani na makrofaji zikisogea pamoja, kila moja ikitoa kemikali inayoivuta nyingine, hadi kwenye mshipa wa damu. Hapo makrofaji hulegeza ukuta wa mshipa, seli ya saratani inapenya na kusafiri hadi mapafuni.

Seli T, aina nyingine ya seli za kinga, zina uwezo wa kuua saratani, ila uvimbe huzifunga breki. Dawa za kuondoa breki hizo zilitokana na kazi ya James Allison na Tasuku Honjo, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Haziwasaidii wagonjwa wote.

Kwa hiyo, tafadhali, anayekuuzia “kiongeza kinga” cha kutibu saratani usimpe hela. Muulize daktari wa saratani.