Ufeministi utafaa kuhakiki utenzi unaomtaka mke amtii mume?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu Utenzi wa Mwana Kupona, wosia wa mama kwa binti yake. Nilichagua ufeministi, lakini msimamizi wangu ameniuliza nitauhakikije kwa ufeministi utenzi unaohimiza utiifu kwa mume. Wenzangu wananishauri nihamie umuundo, nadharia inayoangalia jinsi sehemu za kazi zinavyohusiana, au nifanye tu "fani na maudhui", kisha nichanganye na Umaksi, nadharia ya matabaka, ili niwe salama. Nifuate lipi? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Usihame. Msimamizi wako amekupa swali la utafiti bure, na wewe unataka kulikimbia.

Wanafunzi wengi huchagua nadharia kwa kuangalia kama inakubaliana na kazi wanayoihakiki: riwaya ya mgomo wanaipa Umaksi, tamthilia ya mke anayedai talaka wanaipa ufeministi. Matokeo yake ni tasnifu ambayo ukishasoma ikisiri umeshaimaliza. Nadharia ni namna ya kuuliza, na swali zuri huulizwa pale ambapo jibu halijulikani.

Chukua beti hizi mbili, zinazokaribiana sana katika utenzi wenyewe:

Mpumbaze apumbae,
amriye sikatae;
maovu kieta yeye,
Mola atakulipia.

Mtunde kama kijana
asio yua kunena;
kitu changalie sana
kitokacho na kungia.

Ubeti wa kwanza ni utiifu mtupu: usikatae amri yake, akileta uovu mwachie Mungu. Halafu ubeti wa pili unamgeuza bwana huyohuyo kuwa mtoto mdogo asiyejua kusema, na mke ndiye mlezi, tena ndiye anayekagua kila kinachotoka na kuingia. Nani anamtawala nani humo ndani? Hapo ndipo ufeministi unapoanza kazi. Wapo wahakiki waliousoma utenzi huu kama mafunzo ya unyenyekevu, na wapo walioona ndani yake kejeli na mamlaka ya mwanamke yaliyofichwa kwenye adabu. Huna haja ya kujiunga na kambi yoyote tangu ukurasa wa kwanza. Ila uking'ang'ania ubeti wa "kijana" ukauruka ule wa "amriye sikatae", msimamizi atakukamata, na atakuwa na haki.

Sasa hao wenzako. Umuundo, na ndugu yake umaumbo, unaochunguza umbo na sauti ya kazi yenyewe, vina kazi hapa ingawa si ile wanayoidhania. Mara nyingi mwanafunzi husema "utenzi una mizani nane kwa kila mstari, vina vitatu vinafanana na cha nne ni cha bahari", akaweka nukta. Hayo ni maelezo, uhakiki bado. Mhakiki wa umaumbo angeuliza kina hicho cha bahari, kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, kinafanya nini. Tazama jinsi "-ia" inavyovuta mwishoni mwa ubeti vitenzi kama "kukwambia" na "atakulipia", vitenzi vya kutendea, ambavyo hapa vina mtu wa kutendewa. Sauti yenyewe ya utenzi inamrudisha binti mara kwa mara. Hilo unaweza kulitetea bila kujua chochote kuhusu maisha ya mtunzi, na ndivyo walivyotaka wanazuoni wa Marekani, Wimsatt na Beardsley, walipoandika mwaka 1946 kwamba nia ya mwandishi si kipimo cha kazi yake.

Mimi binafsi, kwa utenzi huu, nisingeishia hapo. Mtunzi mwenyewe anajitaja kuwa mgonjwa: "Maradhi yamenishika, hatta yametimu mwaka." Ulitungwa mwaka 1275 Hijria, yaani 1858, na Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate aliyepambana na Sayyid Said wa Zanzibar. Binti anayeusiwa, Mwana Hashima, alishafiwa na baba na yuko karibu kufiwa na mama. Msomaji wa kihistoria atauliza: mama wa namna hiyo anamwachia mwanawe silaha gani? Huenda adabu ndiyo silaha. Huenda pia ni adabu tu.

Umaksi nao usiuchukue kama kinga. Uchukue kwa sababu ya mistari hii: "Sitangane na watumwa, illa mwida wa khuduma", asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Mwanamke anayezungumza ni mwungwana, na mamlaka yake ya nyumbani yamesimama juu ya migongo ya watu ambao utenzi hauwapi neno hata moja. Tasnifu ya kifeministi isiyoutaja mstari huu itakuwa imemtetea mwanamke wa tabaka moja tu. Kwa hiyo kuchanganya inaruhusiwa, mradi nadharia moja iongoze na ya pili iitwe kwa swali ambalo ya kwanza haiwezi kulijibu. Ufeministi uongoze, Umaksi uingie kwenye mstari wa watumwa. Ukiongeza ya tatu kwa zaidi ya aya moja, utakuwa unajaza kurasa.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Alice Werner na William Hichens walipouchapa utenzi huu kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, waliuita mawaidha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limewaelekeza wasomaji wengi kabla hawajafika ubeti wa kwanza, ilhali sehemu kubwa ya mwisho ni dua. Ukipata nafasi, weka aya moja ya nadharia ya upokezi: nani ameusoma, lini, akiwa ameambiwa nini. Na taja toleo unalotumia, maana miswada ya hati za Kiarabu inatofautiana na maneno hubadilika toka chapa moja hadi nyingine.

"Fani na maudhui" si nadharia. Ni kabati ulilopewa kidato cha tatu la kupangia dhamira, migogoro, wahusika na tamathali, na bado lina msaada unapokusanya data. Usiliandike kwenye kichwa cha sura ya pili, ile ya nadharia.

Mwisho, hiyo sura ya pili. Nakisia umeorodhesha waasisi na mihimili sita ya ufeministi, kama ilivyo desturi yetu. Pitia sura ya nne, ile ya uchambuzi, ukiwa na kalamu: kila mhimili ambao hauonekani ukisoma ubeti fulani, ufute. Ikibaki miwili, inatosha. Kisha mpelekee msimamizi beti zile mbili pamoja na ule mstari wa watumwa, umweleze mgongano unaouona, kabla hujamtumia ukurasa mwingine wowote.