Gredi ya 6 ya uimbaji: nadharia kwanza

Dada, umeuliza kama unaweza kufanya gredi ya 6 ya uimbaji bila mtihani wa nadharia. Hapana, huwezi kuiruka. Kwenye ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, ili ufanye gredi ya 6, 7 au 8 ya uimbaji lazima uwe umefaulu kwanza gredi ya 5 ya nadharia ya muziki, au mmoja wa mitihani mbadala wanayoikubali. Gredi ya 1 hadi ya 5 hazina sharti hilo, ndiyo maana wengi hushtukia katikati ya safari.

Nafundisha sauti kwaya mbili hapa Dodoma, na kinachotukwamisha si koo, ni kuzoea solfa tu, yaani nota za herufi (d r m f), bila kusoma nota za mistari. Binti mmoja wa sauti ya kwanza, wa Area C, anasoma d r m f kama anasoma gazeti. Nilipomwekea mistari mitano ya nota yenye ufunguo wa sauti ya tena (tenor), akahesabu kwa kidole nota moja moja hadi kipindi kikaisha. Gredi ya 5 inauliza hayo hayo: funguo, vipindi vya sauti (umbali kati ya nota mbili), kuhamisha wimbo kwenda juu au chini. Alama ni 75, kufaulu ni 50. Mtihani wenyewe unafanyika mtandaoni, kwa hiyo nauli ya Dar haikuhusu kwa hatua hiyo. Jipe miezi kadhaa ya kusoma nota kila siku, hata dakika 20.

Ukitaka cheti cha kuombea kazi ya kufundisha na nadharia bado inakulemea, gredi za Trinity College London, bodi nyingine ya mitihani, hazina sharti hilo. Ila mimi ningekushauri uisome tu. Mwalimu wa sauti asiyesoma nota anawafunga wanafunzi wake.