Batiki kwenye baridi ya Mbeya: tazama joto kabla ya kulaumu rangi

Ukianza batiki Uyole au Mafinga kwa maelekezo ya fundi wa Dar es Salaam, rangi itapenya chini ya nta na michoro itafifia. Rangi huwa haina kosa. Kinachokuangusha ni joto.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Chomoa uzi uuchome: pamba huacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda kidonge kigumu, na poliesta haishiki rangi hizi. Fua kwa maji ya moto na sabuni kuondoa wanga wa kiwandani, kisha kausha kabisa, maana nta haishiki penye unyevu.

Kwenye nta ndipo wengi wanapokwama. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakifika kama nyuzi 94 tu. Nta iliyoyeyushwa juu ya maji haizidi hapo, na ikigusa kitambaa cha baridi ya Julai huganda juu juu kabla ya kuzama. Iyeyushe juu ya maji, halafu ihamishie kwenye makaa machache. Ikianza kutoa moshi, epua mara moja. Mfuniko uwe karibu. Nta ikishika moto, funika, usimwage maji kamwe. Fanya kazi mchana, kitambaa kikiwa kimeota jua. Baada ya kugonga mhuri, geuza upande wa pili: palipopokea nta paonekane kama karatasi iliyolowa mafuta. Ukiona weupe, nta haijapenya. Rudia papo hapo.

Kwa mita 2 za kitambaa chepesi, anza na maji lita 5, rangi ya unga (aina ya vat) gramu 10, kostiki soda gramu 20 na haidro (sodium hydrosulphite, unga unaomaliza hewa kwenye maji ya rangi) gramu 30. Tumia mizani, vijiko hudanganya. Vaa glavu na miwani, tumia ndoo ya plastiki. Kostiki hula sufuria za alumini.

Tia kostiki kidogo kidogo kwenye nusu lita ya maji baridi. Usimwagie kostiki maji, yatakurukia. Koroga rangi iwe uji, itie kwenye lita 1 ya maji ya nyuzi 60, ongeza maji ya kostiki, kisha gramu 25 za haidro. Funika dakika 15. Zile gramu 5 zitie kwenye lita tatu na nusu zilizobaki, zikiwa vuguvugu, ili zimalize hewa iliyomo kwenye maji, ndipo uchanganye vyote. Yakizidi nyuzi 40 nta italegea. Yakiwa ya bomba la asubuhi, rangi itashika kwa kusuasua.

Rangi ya bluu ya indigo ikiwa tayari, maji hugeuka kijani cha manjano. Yakirudi bluu ndoo ikiwa bado na kitambaa, haidro imeisha: ongeza. Lowesha kitambaa kwanza, kizamishe dakika 20, kigeuze polepole bila kukitoa juu ya maji. Ukikitoa usikamue, nta itapasuka. Kitundike kivulini, hewa ndiyo inayorudisha bluu mbele ya macho yako.

Suuza, kisha chemsha kwa sabuni ya unga, ukiengua nta inayoelea. Maji hayo yaache yapoe kabla ya kumwaga, nta iliyobaki igande uitoe, la sivyo itaziba mtaro. Na haidro ifunge kwenye kopo lisilopitisha hewa, mbali na maji: ukungu wa huku huidhoofisha, na ikilowa inaweza kupata moto yenyewe.