Ziwani hakuna kupwa: kwa mpiga picha anayehamia Entebbe

Ukitoka Mombasa au Tanga ukafika Entebbe na kamera begani, sahau kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa. Kwetu Pwani mpiga picha wa ufukweni huulizia bamvua, yaani siku za maji makuu, kabla hajaulizia nauli. Nalubaale, kama Waganda wanavyoliita Ziwa Victoria, halina kupwa na kujaa kwa kukushughulisha. Huku bwana ni upepo. Alfajiri maji hulala kimya, mtumbwi na sura yake majini havitofautiani. Jua likipanda na nchi kavu ikapata moto, upepo unaanza kuingia kutoka ziwani, na ikifika saa tano ile sura imeshakatikakatika. Upepo huohuo ndio unaosukuma gugumaji: ufuko uliouona msafi Ijumaa, Jumapili unaukuta umefunikwa kijani kitupu. Nenda ukaangalie jana yake jioni, usitegemee picha ya mwaka jana.

Jambo la pili ni saa. Saa za ukutani za huku ni moja na Mombasa, lakini Entebbe iko magharibi kwa digrii saba na ushei, hivyo jua linachelewa karibu nusu saa. Huku huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00. Mimi nililijua hilo kwa aibu. Kazi yangu ya kwanza ya bustani ya mtu nilijipangia saa kumi na mbili kamili asubuhi, kama nilivyozoea Nyali. Nikafika getini giza totoro, mwenye nyumba amelala, nikabaki na askari kwenye kibanda chake tukinywa chai ya rangi.

Chai hiyo ndiyo iliyookoa kazi. Askari alinidokeza kwamba mtunza bustani angekuja saa moja kupunguza ua wa maua, ule ule ambao ndege wadogo waitwao chozi hujaa asubuhi wakifyonza. Mama mwenye nyumba hakunitajia, na nadhani hata hakukumbuka. Alipoamka nikamwomba, “Nnyabo,” yaani mama kwa Kiganda, “mkasi usubiri hadi saa tatu,” akacheka akakubali. Tangu siku hiyo, kabla ya kuzungumza bei, naomba nikutane na anayemwagilia. Yeye ndiye ajuaye kipi kinachanua lini, kivuli cha mwembe kinafika wapi saa tatu, na ndege kwarara hutua sehemu gani ya nyasi kutafuta wadudu.

Bustani za hapa zina shida ambayo haimo kwenye mafunzo ya intaneti: kijani kimezidi. Nyasi za pasipalamu zimekaa kama zulia, na jua likizipiga zinarusha rangi yake juu. Waridi jeupe linatoka limeiva kijani kama mtu mwenye kichefuchefu, na ukirekebisha kwenye kompyuta unaharibu majani. Dawa yake ni shuka jeupe. Litandike juu ya nyasi chini ya ua, nje ya fremu, ukijani unapungua hapohapo. Jua likiwa kali mwombe mtu akushikie shuka jingine jepesi juu ya ua, mwanga unalainika. Natembea na mashuka mawili ya mtumba, na yamenifaa kuliko lenzi moja ya bei mbaya niliyonunua kwa mkopo. Majani yakiwa yamelowa, funga kichujio cha polaraizi ukizungushe taratibu hadi mng’aro mweupe upungue. Usiuondoe wote, jani lisilong’aa kabisa linafanana na plastiki.

Kuhusu heshima ya nyumba ya watu, niliwahi kuweka mtandaoni picha nzuri ya maua, na kwa nyuma geti na namba ya gari vikaonekana. Mwenyewe alinipigia simu usiku, na alikuwa na haki. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, picha zipi ni zako na zipi ni za nyumba tu, na uzime alama ya mahali kwenye simu.

Mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, mambo ni mengine. Tangu 2017 jeshi lilipoingizwa kwenye doria ya uvuvi haramu, mwenye lenzi ndefu hudhaniwa mpelelezi. Iache begani, salimia, nunua sato, kaa. Droni nayo inataka kibali, na ukiwa karibu na uwanja wa ndege usiifikirie kabisa.

Siku nyingine utaona kama moshi mweusi umesimama juu ya maji. Si moto, ni nzi wa ziwani, mamilioni. Piga ukiwa mbali, wanapendeza. Wakianza kuja upande wako, usibadilishe lenzi, na funga mdomo.