Shangazi, niliomba maombi tu, sasa mume wangu anakula kwa mama yake

Marahaba, mwanangu.

Unaandika kutoka Dodoma kwamba duka la mumeo la vifaa vya ujenzi limefungwa, mkopo umemshinda, nawe ukaiomba jumuiya imwombee. Tangu hapo hasemi nawe, na jioni anakula kwa mama yake. Unataka nikufundishe kumtoa "pepo la ukimya" na kumkomesha mama mkwe.

Pole kwa madeni. Sasa tuongee.

Katikati ya barua kuna mstari umeupita mbio: ombi lenyewe ulilirekodi kwa sauti, ukalirusha kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Dakika sita! Ukataja kiasi cha deni, ukamtaja anayemdai, ukaongeza kwamba siku hizi hata kitandani anageukia ukutani. Sala gani hiyo inayodai hesabu? Jumapili mzee wa kanisa akamshika mkono mumeo mlangoni, "pole ndugu, tunakuombea kwa lile deni," na vijana aliowahi kuwaajiri wamesimama pale pale. Wewe umeliandika hilo kama ushahidi wa upendo wa kanisa.

Unajitetea kwamba mficha uchi hazai. Kweli, ila anayezaa humvulia mkunga, hawavulii abiria wa stendi. Wasimamizi wa ndoa yenu wako wapi? Barua nzima hawamo. Siku hizi msimamizi huchaguliwa kwa kupendeza kwenye picha. Sare ikishafuliwa, kazi imeisha. Zamani ndoa ikiyumba aliitwa mshenga, akaketi na wawili, akaondoka na maneno yao tumboni. Leo pete tunaiona, keki tunaiona, ugomvi tunausikia, na talaka majirani wanaijua kabla ya mume. Haya, turudi kwako.

Unasema umeokoka na unafunga kila wiki. Yakobo 1:26 inasema anayedhani ana dini wala hauzuii ulimi wake, dini yake haifai. Mstari huo haukuishia kwa waongo. Uliyoyasema ni kweli tupu, na bado hayakuwa yako kuyasema. Soma na Mathayo 18:15: ndugu akikukosa, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Wa kukusindikiza wanafuata baadaye, tena mmoja au wawili, ndipo kanisa. Wewe ulianzia kanisani.

Angekuwa anakupiga, ningekuambia upige yowe mtaa mzima usikie. Kunyamazia kipigo si utakatifu. Huyu hajakugusa. Kafilisika, kaona haya, basi. Na mama mkwe mwache: anampa mwanawe ugali na hamuulizi habari za deni.

Abigaili alimkuta mumewe Nabali amelewa, hakumwambia neno mpaka kulipokucha (1 Samweli 25). Nawe tafuta asubuhi tulivu, watoto wakishakwenda shule. Mwambie, "Nimekuvunjia heshima, nisamehe," uishie hapo hapo. Ukifungua "lakini na wewe", heri ungenyamaza. Mwombe msimamizi wa kundi aifute ile sauti, ingawa walioisikia wameshaisikia. Mumeo asipojibu siku hiyo, usiende kuomba maombi ya dharura.

Na akikusamehe, usikimbilie jumuiyani kutoa ushuhuda. Huo ni wake. Akitaka atautoa mwenyewe.